Kifungu cha Nne

Merrylands, Sydney
9 Februari 2025

Dada Mbula,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ni ndefu na ina ugomvi ndani. Nimeshika sheria yetu: simu ni ya magonjwa na harusi, ubishi ni wa barua. Tangu ulipoitamka mwaka juzi, baada ya kunikatia simu mara tatu kwa wiki moja, hewa kati ya Isiolo na Merrylands imekuwa safi, nami nimejifunza kununua stempu.

Sisi wazima. Joto limetukaanga tangu Krismasi. Jepchumba anakusalimia, bado ni muuguzi wa wodi ileile, na goti linamsumbua akipanda ngazi. Binti yetu Kendi ameanza mwaka wa pili wa chuo kule Campbelltown. Treni ni safari ya kuzeeka nayo, lakini anasema anasomea humo ndani. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Hakuna neno linalompita. Ukimwita anakuja, ukimtania anacheka mahali panapochekesha. Ila mdomoni hakitoki, na mimi, niliyekesha miaka nikiwaandikia wahariri wa Nairobi kutetea lugha hii, nakula chakula na mtoto ninayemsikia kama redio ya nchi nyingine.

Na wewe? Macho yanaendeleaje? Mvua je? Na bodi ya shule: uchaguzi wa mwenyekiti si ulikuwa Januari? Hujaniambia. Najua umeshinda, umekuwa ukishinda tangu nikiwa na nywele, ila nataka kusikia ulivyowachapa.

Sasa jambo lenyewe. Umoja wetu wa watu wa Kiswahili huku Sydney magharibi unataka katiba. Miaka yote tumeishi bila hiyo: Wakongo wa Guildford, Wakenya wa Merrylands na Parramatta, Warundi wachache, na Mtanzania mmoja anayetucheka sote. Tunazikana, tunaozana, na Jumamosi nafundisha watoto Kiswahili katika ukumbi wa kanisa. Manispaa imesema bila katiba hatutapewa ukumbi wetu wenyewe. Basi wamenipa mimi kalamu. Aliyenipendekeza ni Venant, yule Mkongo wa Uvira tuliyefika naye mwaka mmoja tukabeba maboksi ghala moja. Mimi nilihamia kulea wazee, yeye amebaki ghalani, lakini kila Jumamosi baada ya darasa huja kwangu kunywa chai na kunipinga. Alisimama akasema, "Kama ni kuandika, tupatie Mwiti. Kusema anasema sana, afazali aandike."

Nikaketi kuandika, udadisi ukaniingia. Hawa Waingereza waliotutawala sisi, wenyewe walijifunza wapi kujitawala? Nimesoma miezi miwili sasa. Vitabu vya watoto vinakwambia kujitawala kulishuka melini hapa Sydney mwaka 1788 pamoja na ng'ombe na mbegu. Uongo mtupu! Melini alishuka gavana mmoja, na barua ya mfalme iliyompa ardhi, mahakama, watu, hata kipimo cha unga wa kila mtu. Hakukuwa na baraza wala kura. Kulikuwa na askari na wafungwa. Na waliokuwepo tayari, Wadharug, ambao mpaka leo Parramatta inaitwa kwa neno lao la mikunga, samaki kama nyoka, wa mtoni, walikuwa na sheria zao na namna yao ya kukaa na kuamua. Kama kuna mtu aliyejitawala hapa mwaka ule, ni wao, na hao ndio wasioulizwa.

Lakini siku moja koloni hilo la pingu likawa na bunge. Ilikuwaje? Natafuta kitu kimoja tu, ambacho nimekiita hapana ya kwanza. Lini mtu wa kawaida hapa alimwambia mkubwa "hapana" na usiku akalala kwake? Jumapili baada ya ibada nakwenda bustani ya Parramatta, nazunguka nyumba nyeupe ya magavana wa zamani na kuchungulia madirisha mpaka mlinzi ananitazama vibaya.

Unasemaje wewe uliyefundisha historia miaka yote hiyo?

Mdogo wako mwenye kelele,
Mwiti


Isiolo
12 Machi 2025

Ndugu yangu Mwiti,

Barua yako imechukua mwezi mzima. Kwa uzito wake nadhani ilikuja kwa miguu.

Huku mvua inanukia lakini hainyeshi. Mbuzi wa jirani wamemaliza sukumawiki yangu, na jirani mwenyewe amekuja kuniomba chumvi ya kuwapa, nikampa, ili uone nilivyozeeka. Macho yanaona yanachotaka kuona. Mwambie Jepchumba aache ngazi, na umwambie Kendi shangazi yake anamuulizia. Anijibu kwa lugha aipendayo, mradi ajibu.

Nimesoma habari ya hapana yako mara mbili. Ni nzuri kwa gazeti. Kwa historia haitoshi. Si wewe uliyeniambia zamani kwamba mwaka 1808 askari wa koloni hilohilo walimkamata gavana wao nyumbani kwake na kumfungia? Hiyo si hapana kubwa kuliko zote? Na ilizaa nini? Ilizaa utawala wa wenye bunduki mpaka London ilipotuma gavana mwingine. Kila mlevi anajua kusema hapana. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta siku ambayo mkubwa aliambiwa hapana mbele ya watu, akaikubali, akaenda zake nyumbani bila kumpiga mtu. Hiyo ndiyo adimu, huko na huku.

Na kuna neno ninalotaka ulifikirie, mpenda maneno wewe. Waingereza wakikubali koloni lijiendeshe husema limepata serikali inayowajibika. Koloni lako liliipata mwaka 1856. Yetu ilipokuja, tarehe mosi Juni 1963, tukaiita Madaraka. Lile la kwao lina swali ndani yake: unawajibika kwa nani? La kwetu lina cheo na mzigo kwa pamoja. Nimeishi miaka sitini nikitazama watu wakishika cheo na kuuacha mzigo barabarani. Sisemi wao ni bora. Nasema tulichagua neno linaloruhusu mtu kusikia nusu.

Sasa wewe. Kurasa nne za magavana, na katiba yako umeipa mistari mitatu. Imefika wapi? Niandikie vifungu.

Dada yako,
Mbula


Merrylands
30 Machi 2025

Dada Mbula,

Umenipiga na 1808, nimekubali. Ukiandika hivyo nasikia chaki ikigonga ubao.

Jepchumba amecheka sana habari ya chumvi. Kendi anasema atakuandikia. Usiweke maji jikoni ukimngoja. Hujajibu habari ya bodi. Au ushindi umekuwa wa kawaida hata haustahili wino?

Lakini sikiliza, nimepata kitu, na sina mtu wa kumweleza isipokuwa wewe. Mwaka uleule wa kwanza, 1788, kulikuwa na mume na mke wafungwa, wamefika na mtoto mchanga. Kule Uingereza watu wema waliwachangia kifurushi cha nguo na vitabu. Kikapotea melini. Kwa sheria ya kwao, mfungwa wa hukumu kama yao hana haki ya kumshtaki mtu. Mahakamani ni kama maiti. Wakamshtaki nahodha. Na mahakama, Mbula, ikawasikiliza! Nahodha akashindwa na wafungwa, akaambiwa alipe. Hii si hapana ya bunduki. Hii ni ile yako: mkubwa kaambiwa mbele ya watu, kaikubali.

Na lililonikosesha utulivu ni hili. Nimesoma kwamba katika hati ya madai, pale panapoandikwa mtu ni nani, karani alikuwa ameandika "walowezi wapya wa mahali hapa." Kisha maneno hayo yakakatwa kwa wino, na hakuna kilichoandikwa badala yake. Hakuthubutu kuandika wafungwa, maana kesi ingekufa palepale. Hakuthubutu kuandika walowezi, maana ilikuwa uongo. Akaacha pengo, na kesi ikapita katika pengo hilo. Nimekuwa nikiliwaza pengo hilo nikiwaogesha wazee asubuhi.

Halafu hasira inarudi. Maana walipokuja kupata kura miaka ya 1840, waliifungia nani? Mwenye nyumba, mwenye shamba. Mtoto wa mfungwa aliyenunua ardhi anageuka nyuma na kumfungia mlango mwenziwe asiye na ardhi, kwenye ardhi ambayo wote waliichukua bila kuuliza! Watu wametoka kwenye pingu jana, leo wanapima nani anafaa kuwa mtu. Hili ndilo linalonichefua. Nimeliandikia makala, Mtanzania wetu anasema ni kali mno kuchapishwa, na anaposema hivyo najua ni nzuri.

Katiba inakwenda vizuri. Nimewagawia rasimu. Kuna kelele kidogo juu ya kifungu cha nne, kile cha nani apige kura, lakini itatulia. Tutaijadili mwisho wa Aprili, na mkutano mkuu wa kuipitisha ni Jumapili tarehe mosi Juni. Siku hiyo nimeichagua mimi, unajua kwa nini.

Venant hajaja kunywa chai Jumamosi mbili. Nadhani ghala linamchosha.

Mwiti


Isiolo
22 Aprili 2025

Mwiti,

Mvua imenyesha. Paa linavuja chumba cha wageni, kwa hiyo sitakuwa na wageni.

Wafungwa wako na kifurushi chao wamenifurahisha. Nimewasimulia wasichana wa kidato cha tatu niliokwenda kuwafundisha kwa kujitolea, na mmoja akauliza, "Mwalimu, na nahodha alijisikiaje?"

Sasa nijibu maswali mawili, bila gavana hata mmoja ndani yake. Kifungu cha nne kinasema nini, neno kwa neno? Na Venant ana nini? Mtu anayebeba maboksi miaka kumi na sita hachoki ghafla Jumamosi mbili mfululizo, na iwe ni Jumamosi baada ya kupewa rasimu yako. Nimelala chumba kimoja na wewe utotoni. Ukisema "kelele kidogo" najua kuna kitu kimevunjika.

Mbula


Merrylands
11 Mei 2025

Dada Mbula,

Hatujambo. Baridi imeanza. Jepchumba anakwenda kumwona daktari wa goti wiki ijayo.

Haya, chukua: "Mwanachama mwenye haki ya kupiga kura ni mtu mzima yeyote anayezungumza Kiswahili sanifu."

Kabla hujafungua kinywa, nisikilize. Niliandika kwa moyo safi. Umoja huu haujaungana kwa kabila, wala kanisa, wala pasi ya kusafiria. Umeungana kwa lugha. Ukiiondoa lugha tunabaki watu weusi waliosimama kituo kimoja cha treni. Na lugha inakufa mbele yangu, Mbula, inafia mezani kwangu! Nilitaka katiba iseme kwa sauti kwamba kuna Kiswahili cha kulinda. Neno "sanifu" kalamu ililiandika lenyewe. Miaka yote nimeliandika hivyo, Kiswahili na sanifu, kama chai na sukari.

Mkutano wa Aprili tulikaa Guildford, ukumbi umejaa. Nikasoma vifungu. Nilipofika cha nne akasimama Bibiane, mke wa Venant, ambaye anatunza wagonjwa majumbani na kwenye kila msiba wetu ndiye anayeanzisha nyimbo.

"Papa Kendi," akasema, "hii Kiswahili sanifu, iko ya nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, dada. Nilianza na kamati za kusanifisha lugha za miaka ya thelathini na nikafika kwenye ngeli.

Akaningoja nimalize. "Sawa. Siye batu ya Uvira, hatukusoma Kiswahili kwa kitabu. Tulizaliwa ndani yake. Mutu akikufa hapa, munatuita, tunaimba, tunalia na hii Kiswahili yetu, na munasema asante, mumelia muzuri. Sasa kulia inafaa, kura haifai?"

Ogutu, mweka hazina wetu, Mjaluo wa Kisumu, akainua mkono. "Bwana Mwiti, nauliza tu. Huo mtihani wako, na mimi itabidi nikae? Kwa sababu mimi Kiswahili nilipata D, na hiyo D mwalimu alinionea huruma."

Wakenya wakaangua kicheko. Nami nikafanya kosa la kujibu kwamba katiba si mahali pa mizaha. Bibiane akasema, "Basi hapa ndani sanifu muko wawili, weye na ule wa Tanzania. Ujipigie kura, ushinde, utuletee habari."

Mtanzania akasema yeye asihesabiwe.

Nilimtazama Venant anisaidie. Miaka kumi na sita! Alikuwa akikunja rasimu yangu, nusu, robo, akaitia mfukoni. Akasema polepole, "Kumbe unatafutaga gavana kule Parramatta, na gavana iko hapa." Wakatoka, yeye na Bibiane, na nusu ya ukumbi nyuma yao. Wamesema kama kifungu kitabaki watafanya umoja wao. Darasa la Jumamosi limebaki na watoto sita. Wengi walikuwa wa kwao.

Sasa niambie nimekosea. Lakini niambie pia nani atakilinda. Ukifungua mlango kwa kila namna ya kusema, baada ya miaka ishirini hapa kutakuwa na nini? Sitakiondoa kifungu. Mtu hawezi kuandika maisha yote kwamba jambo fulani ni la maana, kisha akalifuta kwa sababu rafiki yake amekunja karatasi.

Hajaja kunywa chai. Nimeacha kuweka kikombe chake.

Mwiti


Isiolo
28 Mei 2025

Ndugu yangu,

Barua yako ilifika jana. Hii haitakuwahi kabla ya mkutano, nimehesabu. Ningeweza kupiga simu. Nilishika simu asubuhi, nikaiweka. Sheria niliitunga mwenyewe, na zaidi ya hapo, nikikupigia utabishana na mimi badala ya kubishana na wao, na hao ndio wenye ukumbi.

Nakubaliana nawe kuhusu lugha. Hilo ulijue kwanza. Nimesahihisha insha miaka thelathini na mkono bado unaniwasha nikiona kosa.

Lakini wewe ulizaliwa wa mwisho, na kuna jambo hukuliona. Unadhani kwa nini nyumbani tulisema Kiswahili? Baba Mmeru, Mama Mkamba, hapakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha. Cha Baba kilikuwa cha ofisi, kimenyooka. Cha Mama kilikuwa cha sokoni, na Kikamba kilijaa ndani yake. Baba alimpenda, hakuna anayebisha. Na mezani alimsahihisha. Kwa upole, kila siku, mbele yetu. "Si hivyo, mama Mbula. Sema hivi." Mwanzo Mama alirudia kama alivyoambiwa. Baadaye akawa anafupisha. Kufikia wakati wako alikuwa amenyamaza kabisa mbele ya wageni. Wewe ulimjua mama mkimya, ukadhani ndivyo alivyoumbwa. Mimi nilimjua mama mwenye maneno mengi kuliko wewe.

Kwa kifungu chako, Mwiti, Mama hana kura. Na hiyo ndiyo lugha ya mama unayoilinda.

Umeniuliza mara mbili habari ya bodi, sijajibu. Tulifanya uchaguzi Januari. Nilishindwa. Walimchagua kijana niliyemfundisha mimi. Sitaki tulizungumzie.

Mbula


Merrylands
15 Juni 2025

Dada yangu Mbula,

Barua yako ilifika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na sasa nimeketi.

Nitakueleza mkutano kwanza, kama ulivyokuwa.

Walikuja wote. Sikutegemea. Wakongo walijaa upande wa kushoto, wamevaa kama wanakwenda harusini, maana walikuwa wamekubaliana kwamba wakiondoka wataondoka wamependeza. Mimi nilikuwa mbele na karatasi zangu. Nilizungumza kwa dakika nyingi. Nilisema yote niliyokuandikia, na mengine makali zaidi. Walinisikiliza, na hilo ni jambo la kutisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Nilipomaliza Bibiane akauliza swali moja. "Leo tunapigia hii kifungu kura. Sawa. Leo ni nani anapiga?"

Fikiria, dada. Nimesoma miezi sita mambo haya, na swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nani anapiga kura kuamua nani apige kura? Hakuna kifungu kinachoweza kulijibu, kwa sababu hakuna kilichopitishwa bado. Nilipekua rasimu nzima mbele ya watu nikitafuta jibu ambalo nilijua halimo. Na walowezi wale wa kila mahali, waliposhuka melini na kuketi mara ya kwanza, nani aliwaambia ninyi mnahesabika na yule hapana? Hakuna aliyewaambia. Walijihesabu wenyewe, wakaita hesabu hiyo watu wote. Bado nalizungusha kichwani, sijafika chini yake.

Ogutu akasema, "Si basi tu wote wenye tuko hapa?"

Hapo Kendi akainua mkono. Alikuwa amekuja kumsaidia mama yake kumimina chai. Akauliza, kwa Kiingereza, kama yeye ni mmoja wa hao wote.

Watu wakageuka kunitazama. Nilitazama karatasi yangu. Jibu lilikuwa wazi, nami ndiye niliyeliandika. Niliandika kifungu kile kwa ajili yake, Mbula, ili asipotee, na kilikuwa kinamtoa nje yeye kabla ya Mkongo yeyote. Miezi yote hiyo sikuliona. Jepchumba akaweka birika chini.

Aliyesimama ni Venant.

"Huyu mutoto," akasema, "nimemujua toka iko mudogo. Namwambia leta chumvi, analeta chumvi. Nilifiwa na mama yangu, nikakuja kwa Mwiti kulia, batu bakubwa balisema maneno mingi. Huyu alikaa karibu yangu, hakusema kitu. Alikuwa anasikia. Anasikia Kiswahili kupita baba yake." Watu wakacheka, naye akangoja. "Musiandike mwenye kusema. Muandike mwenye kusikia."

Nilibisha, unanijua. Nikasema kusikia ni kazi ya masikio, lugha haisikiwi tu, inaeleweka. Bibiane akasema, "Papa Kendi, kwetu kusikia Kiswahili ndiyo kuijua." Na Mtanzania, ambaye nilimtegemea, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula kwamba hata kwao mtu husema fulani anasikia Kichina, na hana maana ya masikio.

Tukapiga kura kwa mikono. Waliokuwemo ukumbini wote, na Kendi miongoni mwao, mkono juu kabisa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kifungu sasa kinasema: "Mwanachama mwenye haki ya kupiga kura ni mtu mzima yeyote anayesikia Kiswahili." Mimi nilipiga kura ya kutetea kile cha zamani. Peke yangu. Hata Jepchumba aliniacha. Bado naamini kuna Kiswahili cha kulindwa, na sikutaka kuinua mkono kwa aibu. Kisha nikachukua kalamu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa, nikakata maneno yangu na kuandika yao kwa mwandiko wangu, nikawasomea mara mbili.

Wamemchagua Bibiane mwenyekiti. Amri yake ya kwanza: hakuna mtu atakayezungumza mkutanoni zaidi ya dakika tatu. Hakutaja jina. Ukumbi mzima ulinitazama.

Darasa limejaa tena. Nimelazimika kuomba viti. Jumamosi iliyopita nilimsahihisha mtoto wa Kikongo, nikamwona akifunga mdomo, na sikujua kwa nini jambo hilo lilinichoma. Sasa najua, kwa kuwa umeniambia. Nilikuwa nikidhani Mama alikwenda jikoni wageni wakija kwa sababu ya chapati.

Venant alikuja Jumamosi hiyohiyo. Alisema chai yangu imekuwa nyepesi, nikamwambia ni macho yake, na tukaanza kubishana juu ya majani ya chai mpaka giza likaingia.

Basi, wewe. Umeniandikia kurasa mbili za Mama na mistari minne ya kushindwa kwako, ukafunga mlango. Umelibeba jambo hilo tangu Januari, ukanijibu habari za mbuzi. Na mimi nikakuuliza ulivyowachapa, mara mbili, kama mjinga. Umesema hutaki tulizungumzie. Sawa, tusilizungumzie. Liandike wewe, mimi nisome. Sitajibu mpaka umalize, hata zikiwa barua tatu. Nataka kujua walihesabu kura kwa sauti au kwa karatasi. Ulikaa wapi baada ya hapo, mbele au nyuma? Yule kijana uliyemfundisha alikuja kukusalimu, au alikuogopa? Ulirudi nyumbani na nani? Na siku ya pili, ulipoamka na huna mkutano wa kwenda, ulifanya nini kwanza?

Ndugu yako,
Mwiti